Kujikwaa si Kuanguka



Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia kwa njia nyingi: kwa barua, kwa simu, na hata milangoni baada ya shughuli za harusi. Swali lenyewe ni hili. Mzazi amewasili hapa Uingereza kutoka Mombasa, Unguja, Tanga au Lamu, akiwa mzima wa miguu, mwenye kwenda sokoni na kurudi na kikapu chake. Watoto wamempokea kwa furaha, wamempa chumba chenye joto na kiti kizuri kilichoelekea televisheni, na wamemkataza kugusa kazi yoyote. Baada ya miaka miwili mzazi huyo anashika kuta anapokwenda msalani, anahitaji mkono wa mtu ili ainuke, na pengine ameshaanguka mara moja au mbili. Je, huo ni uzee tu? Ni baridi? Au ni jicho la watu?

Jibu letu ni kwamba uzee una sehemu yake, na baridi ina sehemu yake, lakini sehemu kubwa kuliko tunavyodhani ni ya kile kiti.

Ili tulieleze jambo hili ipasavyo, hatuna budi kwanza kufahamu jinsi mwili unavyojongea. Mwendo wa mwanadamu umesimama juu ya mambo matatu: viungo vinavyokunjika, misuli inayovuta, na vipokezi vya hisia vinavyoupasha ubongo habari. Tutayatazama moja moja, kisha tutarudi kwa mzazi wetu aliyeketi.

VIUNGO

Mtu mzima ana mifupa 206, na mahali mifupa inapokutana ndipo panapoitwa kiungo. Si viungo vyote vinavyocheza. Mifupa ya fuvu la kichwa imefungamanishwa kwa nyuzi ngumu, kama mbao za mtepe zilivyoshonwa kwa kamba, nayo haikukusudiwa kwenda popote. Pingili za uti wa mgongo zimetenganishwa na visahani vya gegedu; kila kisahani hupinda kidogo tu, lakini vikijumlishwa vyote mgongo mzima huinama.

Aina ya tatu ndiyo yenye uhuru, na ndiyo tunayoikusudia leo. Hapo ncha za mifupa zimefunikwa gegedu laini, zikazungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko mna ute unaoteleza. Viungo vya namna hii navyo havifanani. Kiwiko cha mkono ni bawaba ya mlango: hufunga na kufungua, basi. Goti nalo ni bawaba, ila huzunguka kidogo linapokunjwa. Nyonga na bega ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mviringo ndani ya shimo, chenye kwenda pande zote. Pingili mbili za juu za shingo huzungukana kama gurudumu na mhimili wake, na bila hizo tusingeweza kugeuka kumwitikia anayetuita nyuma. Kifundo cha mkono hupinda mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kitako cha kidole gumba kina umbo la tandiko la farasi, na kwa ajili hiyo tunaweza kushika sindano. Hatimaye, mifupa midogo ya wayo huteleza kidogo kidogo, mmoja juu ya mwingine, mguu ukajifinyanga kufuata ardhi.

Sasa tuzingatie jambo moja. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kutoka katika ule ute, ambao katika goti zima haujazi kijiko cha chai. Nalo hulishwa kama dodoki: likikandamizwa hutoa maji, likiachiwa hunyonya. Kila hatua tunayopiga ni tonge moja kwa gegedu. Kiungo kisichotembezwa hukosa chakula, na mfuko unaokizunguka hukaza. Ndiyo sababu goti lililokaa kitini saa nne hugoma kunyooka, na aghalabu hulainika baada ya hatua chache.

NYUZI ZA MISULI

Kiungo hakijisogezi chenyewe. Husogezwa na msuli. Nao msuli una kazi moja tu, yaani kuvuta. Hauwezi kusukuma. Kwa hiyo misuli hufanya kazi kwa jozi: mmoja hukunja, mwenzake hunyoosha.

Ndani ya msuli mna nyuzi nyingi sana, na nyuzi hizo ni za aina mbalimbali. Kila mpishi ameziona bila kujua. Nyama ya paja la kuku ni nyekundu, na ya kidari ni nyeupe. Kuku husimama na kutembea kutwa nzima, hivyo paja lake limejaa nyuzi za polepole, zisizochoka upesi. Zina tanuri nyingi ndogo za kuzalisha nguvu, ziitwazo mitokondria, pamoja na rangi nyekundu inayohifadhi oksijeni. Kidari chake hutumika kwa kurupuka tu anapofukuzwa: nyuzi zake ni za haraka, hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha huchoka. Njiwa, mwenye kuruka masafa marefu, kidari chake ni chekundu.

Binadamu amechanganyiwa nyuzi hizi katika kila msuli. Msuli wa ndani wa shavu la mguu, unaotusimamisha, una zaidi nyuzi za polepole. Misuli ya mbele ya paja, inayotuinua kitini, ina takriban nusu kwa nusu. Tena zile za haraka zimegawanyika: wapo wa kati na kati, wenye haraka na ustahimilivu kiasi, na wapo wa haraka kabisa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mtaalamu wa Marekani, Elwood Henneman, alibainisha kwamba ugwe wa fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo huziita nyuzi hizi kwa zamu. Huanza na makundi madogo ya nyuzi za polepole. Makundi makubwa ya nyuzi za haraka huitwa mwisho, pale tu inapotakiwa nguvu kubwa au wepesi. Maana yake ni nzito. Mtu anayetoka kitini kwenda msalani na kurudi, akivutwa mkono kila anapoinuka, anaweza kumaliza mwezi mzima bila ya kuziita nyuzi zake za haraka hata mara moja. Na uzi usioitwa hunywea.

Uzee nao hupita njia ileile. Nyuzi zinazonywea zaidi uzeeni ni zile za haraka. Baadhi ya mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiziamrisha hufa. Hapo nyuzi zilizobaki yatima huchukuliwa na mshipa jirani wa nyuzi za polepole, na kama yatima yeyote, hufuata desturi za nyumba mpya. Basi uzee na kiti vikikutana, hasara huwa maradufu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza kitandani watu wazima wenye afya njema, wa umri wa wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama isiyo mafuta.

MLANGO WA SITA

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Upo mwingine ambao hatuuhisi kwa sababu haufungwi. Fumba macho, nyanyua mkono, kisha gusa ncha ya pua yako. Ni nani aliyekuambia mkono uko wapi? Mwaka 1906 Mwingereza Charles Sherrington aliipa jina la kitaalamu hisia hii ya mwili kujitambua wenyewe, na mwaka 1932 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mfumo wa fahamu.

Vipokezi vya hisia hii vimetawanyika mwilini. Ndani ya misuli mna vifuko vyembamba, urefu wake ni milimita chache, vinavyopima msuli umenyooshwa kiasi gani na kwa kasi gani. Daktari anapokugonga chini ya goti na mguu ukaruka, ni hivyo anavyovijaribu. Mahali msuli unapoungana na kano pana vipokezi vingine, vyenye jina la Mwitalia Golgi, vinavyopima uzito wa mvuto. Katika mifuko ya viungo vipo vinavyotoa habari kiungo kinapokaribia kikomo. Katika ngozi ya nyayo vipo vinavyohisi mkandamizo, mtikisiko na mteremko wa ardhi. Na ndani kabisa ya kila sikio mna mifereji mitatu iliyopinda, inayotambua kichwa kinapogeuka, na vijifuko viwili vinavyotambua upande wa chini ni upi.

Thamani ya mlango huu ilidhihirika kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1971 kijana Mwingereza aitwaye Ian Waterman, aliyekuwa na miaka 19 na akifanya kazi ya bucha, aliugua maradhi yaliyoharibu mishipa ya hisia hizi kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza. Nguvu alikuwa nazo, lakini hakujua mikono na miguu yake iko wapi, hivyo hakuweza kuketi wala kusimama. Kwa juhudi ya muda mrefu alijifunza upya kutembea, akikitazama kila kiungo na kukiamuru kwa macho. Taa ikizimika, huanguka. Daktari Jonathan Cole alikiandika kisa chake katika kitabu kilichotoka mwaka 1991.

Namna vipokezi hivi vinavyougeuza mvuto kuwa ujumbe ilibaki fumbo kwa muda mrefu. Aliyesaidia kulifumbua ni mhamiaji kama sisi: Ardem Patapoutian, aliyezaliwa Beirut mwaka 1967 na kuhamia Marekani mwaka 1986. Mwaka 2010 yeye na wenzake walitangaza ugunduzi wa vijilango katika utando wa chembe za mwili, vinavyofunguka utando unapobanwa au kuvutwa. Mwaka 2021 yeye na David Julius walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Uzeeni vipokezi hivi hupungua makali: nyayo huhisi kidogo, sikio la ndani hulegea. Ugonjwa wa kisukari, ambao umeenea sana katika jamii yetu, huweza kuiua kabisa hisia ya nyayo. Hapo ubongo huyaegemea macho, kama Waterman. Ndiyo maana wazee wengi huwa imara mchana, wakayumba usiku katika ukumbi usio na taa.

KATI YA KUJIKWAA NA KUANGUKA

Sasa tuyaunganishe matatu haya. Bibi anatoka jikoni na kidole cha mguu kinanasa kwenye ukingo wa zulia. Mwili unatangulia mbele, mguu umebaki nyuma. Vipokezi vya nyayo, misuli na sikio vinapiga kelele kwa wakati mmoja. Jibu la kwanza hutoka katika ugwe wa mgongo kabla ya kupita hata sehemu ya kumi ya sekunde, na ubongo hufuatia. Nyonga ikunjike, goti lipande, mguu utupwe mbele, kisha paja lipokee uzito wote bila ya kusalimu amri. Kazi hii si ya nyuzi za polepole. Zitafika wakati bibi yuko sakafuni.

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai, nasi hatuwakanushi. Lakini mwenda pole naye ana siku yake ya zulia, na siku hiyo kitakachomfaa ni wepesi. Wahenga haohao wametuachia usemi mwingine: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ukiutazama kwa jicho la elimu ya mwili, usemi huu ni kweli tupu. Kati ya kujikwaa na kuanguka pana nafasi isiyotimia sekunde moja, na anayeijaza nafasi hiyo kwa hatua moja ya mbele amesalimika. Asiyeweza huenda akavunjika nyonga, na wengi waliovunjika nyonga uzeeni hawakurudia tena mwendo wao wa awali.

HESHIMA NA KITI

Tukumbuke maisha aliyoyaacha mzazi wetu. Huko nyumbani aliketi juu ya mkeka na kuinuka mara nyingi kwa siku. Alikuna nazi juu ya mbuzi, magoti yakiwa yamekunjwa sana. Alitwanga, alichota maji, alipanda ngazi za mawe, alikanyaga mchanga na kokoto. Hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi, lakini kila kuinuka kutoka chini kulizizindua nyuzi zake za haraka, na kila njia yenye mashimo ilizinoa nyayo zake. Tulipomleta hapa tukampa lifti, zulia, rimoti na sofa inayomeza, tulimwondolea yote hayo kwa siku moja.

Nasi tulifanya hivyo kwa mapenzi. "Mama, wewe pumzika, sisi tupo." Ni maneno mazuri, na mtoto aliyelelewa vyema hawezi kumwona mama yake amebeba ndoo naye akatulia. Hata hivyo tunadiriki kusema kwamba heshima inayomnyima mzazi matumizi ya miguu yake inahitaji kutazamwa upya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mzazi si mgeni katika nyumba ya mwanawe. Tukimkalisha daima kama mgeni, tumemtoa katika uenyeji wake.

Huenda msomaji akasema kwamba maji yamekwisha kumwagika, mzee ana miaka themanini na ngapi, hayazoleki. La. Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa wiki 8 wazee hao waliifanyisha misuli ya mapaja kazi ya kunyanyua uzito, chini ya uangalizi. Tisa walimaliza, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya paja ilinenepa, na mwendo wao wa kuunganisha kisigino na vidole ukawa mwepesi zaidi kwa asilimia 48. Mwaka 2019 tathmini ya majaribio 108, yaliyowahusisha watu zaidi ya 23,000, ilionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko ya wazee kwa takriban asilimia 23. Msuli hauulizi cheti cha kuzaliwa.

TUFANYE NINI?

1. Kuinuka kitini. Chukua kiti kigumu, kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Mzee ainuke, akiweza bila ya kutumia mikono, kisha aketi polepole huku akihesabu hadi nne. Aanze na mara tano, aongeze kadiri anavyoweza. Akishazoea, ainuke kwa wepesi zaidi. Hapo ndipo nyuzi za haraka zinapoitwa. Mwongozo wa afya wa Uingereza unataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki.

2. Kusimama kwenye sinki la jikoni. Akiwa ameshika ukingo wa sinki, anyanyuke juu ya vidole vya miguu, ashuke, kisha asimame kwa mguu mmoja mmoja. Mtu awe karibu naye siku za mwanzo.

3. Kazi ya nyumba. Muulize mzazi ni kazi ipi anaitamani, umwachie. Kukanda unga, kunyonga nguo, kumpeleka mjukuu shuleni: zote ni dawa. Msaidie pale anapoomba, si kabla.

4. Usimvute mkono. Akiinuka, simama ubavuni tayari kumdaka, lakini mwache ainuke mwenyewe.

5. Macho na nyayo. Weka taa ndogo ya usiku kati ya chumba chake na msala. Ondoa mazulia madogo yanayoteleza. Kandambili zilizolegea zibaki bafuni; ndani avae kiatu kinachoshika kisigino. Mwenye kisukari achunguzwe nyayo zake mara kwa mara.

6. Jua. Mwenye ngozi nyeusi, au anayejifunika, hapati hapa jua la kutosha kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa na misuli huihitaji. Ushauri wa huduma ya afya ya Uingereza kwa watu wa namna hiyo ni kufikiria kutumia mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

7. Daktari kwanza. Mzee aliyeanguka karibuni, anayepata kizunguzungu au maumivu ya kifua, mwenye goti lililovimba na kuwa la moto, au anayetumia dawa za usingizi au za shinikizo la damu, aonwe na daktari kabla ya kuanza. Katika sehemu nyingi daktari anaweza kumpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, bila malipo. Anayehitaji mkalimani aombe mapema. Asitumwe mtoto wa shule kufasiri mambo ya mwili wa bibi yake.

Wasomaji wapendwa, wazazi wetu walitubeba mgongoni kwa nguvu za miguu hiyohiyo. Deni hilo halilipwi kwa sofa. Jioni ya leo, kabla hujamletea mama chai pale alipo, mwite mezani. Akija kwa miguu yake, mmekunywa chai na dawa pamoja.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumzia chumvi na shinikizo la damu. Maswali yenu yatufikie kama kawaida kabla ya mwisho wa mwezi.